Bingwa Mmoja, Wauguzi Mia

Bomba la sindano la insulini ni jembamba kama kalamu ya risasi, na ubavuni lina mistari midogo ambayo mwenye macho hafifu huisoma kwa taabu. Yapo ya aina mbili. Moja limechorewa mistari ya insulini yenye uniti 40 katika kila mililita, jingine mistari ya insulini yenye uniti 100. Chupa za siku hizi karibu zote ni za uniti 100, ila mabomba ya 40 bado yapo sokoni katika baadhi ya nchi. Sasa mgonjwa ameambiwa ajichome uniti 20. Akivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 20, atakuwa amechukua nusu mililita, yaani uniti 50, mara mbili na nusu ya dozi yake. Hajakosea kuhesabu wala hajapuuza maagizo; amefuata mstari kama alivyoelekezwa. Saa chache baadaye jasho linamtiririka, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana, na wa nyumbani wanaweza kudhani amepandisha mashetani, kumbe sukari imeshuka. Aliyekuwa na nafasi ya kuizuia ajali hii hakuwa profesa wa hospitali ya taifa. Alikuwa muuguzi au mfamasia aliyemkabidhi lile bomba.

Mjadala wowote kuhusu kusomesha madaktari bingwa bobezi wa kisukari na magonjwa ya homoni ungefaa uanzie kwenye bomba hilo. Ubingwa huu ni safari ndefu. Kijana anayeingia chuo cha udaktari Tanzania anasoma miaka 5, anafanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1, kisha, akipata ufadhili na mwajiri akimruhusu, anarudi darasani miaka 3 kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto. Ubobezi ndio unafuata hapo, kwa kawaida miaka 2 hivi. Uingereza njia ni ndefu zaidi: baada ya chuo kikuu kuna miaka 2 ya msingi, miaka 3 ya magonjwa ya ndani, na miaka 4 ya kisukari na homoni. Mtu aliyepita yote hayo anajua mambo ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia majina. Hoja yangu ni kwamba ujuzi huo, katika nchi kama zetu, una faida kubwa pale tu bingwa anapoandaliwa tangu mwanzo kuwa mwalimu wa wengine na mjenzi wa kliniki, na kwamba mafunzo yanayomwandaa kuwa tabibu wa mgonjwa mmoja mmoja peke yake, hata yawe bora namna gani, ni mavazi yaliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Hesabu yenyewe inasema. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wana kisukari, na kwamba asilimia 54 kati yao hawajijui. Tuchukue bingwa mchapakazi asiyeugua wala kuitwa kwenye vikao (kiumbe adimu huyo). Anaona wagonjwa 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka. Hayo ni mahudhurio 6,900. Kila mgonjwa akihudhuria mara 4, mwaka mzima wa jasho umewafikia watu 1,725. Kwa mwendo huo ukanda wetu ungehitaji mabingwa karibu 14,000 wa kisukari pekee, kabla hatujagusa rovu, watoto wasiokua, wala matatizo ya tezi zilizo juu ya figo. Hakuna wizara ya afya yenye mpango wa kufikia idadi hiyo, na hata ingekuwepo, ingechukua zaidi ya muongo mmoja kumtoa bingwa wa kwanza.

Wakati huohuo ugonjwa hausubiri. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Dk. Donald McLarty, Mskoti aliyefanya kazi Dar es Salaam kwa miaka mingi, pamoja na wenzake akiwemo Dk. Andrew Swai. Walipima watu katika vijiji vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki hata 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikadiria zaidi ya 9 katika kila 100. Umri uliopimwa na njia zilizotumika havilingani, na mjini si sawa na kijijini, kwa hiyo si haki kuziweka namba hizi mbili bega kwa bega na kusema ugonjwa umeongezeka mara kumi. Lakini hata ukipunguza kwa ukarimu, mwelekeo unabaki uleule. Cha kukumbukwa ni kwamba kundi hilohilo la kina McLarty, mbali na kuhesabu wagonjwa, lilishiriki kujenga Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, na kufundisha wauguzi na matabibu. Waliona mapema kwamba ugonjwa wa maisha yote hautibiwi na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa jambo hilo ulitoka mbali, Marekani na Kanada, mwaka 1993. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ile inayomfanya mtu aishi kwa insulini, walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 6 na nusu. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule, nusu matibabu ya karibu sana. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima mwanzoni, matibabu ya karibu yalipunguza uwezekano wa kuharibika kwa retina kwa asilimia 76. Matokeo haya yananukuliwa kila mahali kama ushindi wa kushusha sukari, na ni kweli. Kinachosahaulika ni namna sukari hiyo ilivyoshushwa. Dawa haikuwa mpya. Kilichokuwepo ni timu: muuguzi, mtaalamu wa lishe na daktari, kumwona mgonjwa kila mwezi na kuzungumza naye kwa simu katikati ya mwezi, kumfundisha kubadilisha dozi mwenyewe kulingana na chakula na kazi zake. Bingwa alikuwepo, lakini alikuwa kama nahodha: jahazi halitembei kwa nahodha peke yake, na asipokuwepo linapanda mwamba.

Hapa kwetu mfano unaonivutia ni kituo cha Nairobi cha kufundisha tiba ya homoni za watoto, PETCA, kilichoanza mwaka 2008 kwa ushirikiano wa chama cha Ulaya cha fani hiyo na hospitali za jijini, Gertrude's, Kenyatta na Aga Khan zikiwemo. Mwanafunzi ni daktari ambaye tayari ni bingwa wa watoto, na mafunzo ni miezi 18. Kilicho muhimu ni jinsi miezi hiyo ilivyogawanywa. Miezi 6 ya kwanza yuko Nairobi, darasani na wodini. Kisha anarudi kwao, iwe Uganda, Tanzania, Ethiopia au kwingineko, akakae miezi 9 akifanya mradi katika hospitali yake mwenyewe. Miezi 3 ya mwisho anarejea Nairobi kukamilisha na kutahiniwa. Nusu ya ubingwa, kwa hiyo, inasomwa mahali ambapo maabara haina kipimo alichokizoea Nairobi, duka la dawa halina haidrokotisoni, na muuguzi wa zamu ana watoto wengi kupita kiasi. Aliyebuni ratiba hiyo alijua alichokuwa anafanya. Mwaka 2012 kituo kingine cha namna hiyo kilifunguliwa Lagos, na leo makumi ya madaktari waliopitia vituo hivi wanaendesha kliniki katika nchi ambazo kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari hakuwa na wa kumshika mkono.

Mtoto huyo anahitaji kuonekana kwa karibu ili ieleweke kwa nini ubingwa ukibaki Nairobi haumfai. Anakuja anatapika, amekonda, anapumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Msimu wa mvua, kituo chenye foleni, jibu la haraka ni malaria, au homa ya mapafu kwa sababu ya ile pumzi. Anatundikiwa dripu, na ikiwa ni bahati mbaya ni dripu ya glukosi. Kumbe mwili umekosa insulini, unachoma mafuta, na damu inageuka asidi. Tone moja la damu kwenye mashine ya kupima sukari lingemaliza ubishi kwa sekunde chache. Maswali mawili pia yangetosha kumtia mtu shaka: mtoto anakunywa maji mengi? Ameanza tena kukojoa kitandani? Bingwa bobezi anajua yanayofuata, yaani maji kwanza, insulini polepole baada ya saa moja hivi, potasiamu iangaliwe, na kichwa kichunguzwe kisije kikavimba ndani. Lakini mtoto huyu hatafika kwa bingwa isipokuwa tabibu wa zahanati ameuliza maswali yale mawili. Elimu ya bingwa imeshindwa au imefaulu hapo, kilomita mia kadhaa kutoka ofisini kwake.

Miguu inatoa ushahidi uleule, tena wa nyumbani kabisa. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu anakanyaga msumari asijue, kidonda kinaoza ndani ya kiatu, na anafika hospitali wakati mjadala ni wa kukata kidole au kukata mguu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, akishirikiana na wenzake wa India na Ulaya, aliongoza mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua. Haukuleta madaktari wa upasuaji kutoka nje. Uliwaita daktari na muuguzi wawili wawili kutoka kila kituo, wakafundishwa mambo ya msingi na kupewa vifaa, wakarudi vituoni, na baada ya mwaka wakaitwa tena kwa kozi ya juu wakiwa na maswali yaliyotokana na kazi yao wenyewe. Baadhi ya vifaa ni vya kushangaza kwa urahisi wake: uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, ambao mgonjwa akishindwa kuusikia chini ya kidole gumba, mguu wake umeingia hatarini. Waliofanya mradi waliripoti kwamba ukataji wa miguu ulipungua. Kwenda wawili wawili kulikuwa na maana yake. Muuguzi aliyefundishwa peke yake hurudi kwa daktari asiyemwelewa, na daktari aliyefundishwa peke yake hurudi kutoa amri ambazo hakuna mwenye muda wa kuzitekeleza.

Mtu makini anaweza kunigeuzia hoja: kama kazi yenyewe inafanywa na muuguzi mwenye uzi wa nailoni, basi tuachane na mabingwa bobezi, fedha za kumsomesha mmoja zitafundisha wauguzi wengi. Ni hoja nzuri na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili inaanguka kwa sababu kisukari cha huku bado hakijaeleweka vya kutosha, na miongozo tunayofuata imeandikwa kwa miili ya watu wengine. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa vijana karibu 900 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliogundulika na kisukari wakiwa wadogo na kuhesabiwa kuwa wana aina ya kwanza. Karibu theluthi mbili yao hawakuwa na zile alama za damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili imeshambulia kongosho. Huenda wengi wana ugonjwa tofauti, wenye chanzo kingine na labda tiba nyingine. Vivyo hivyo kipimo kinachotegemewa duniani kote, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye vinasaba vya selimundu, au ambaye chembe zake zinakufa mapema kwa sababu ya malaria, kinaweza kumdanganya kwa kuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi. Muuguzi hawezi kutakiwa kuyagundua hayo kwenye foleni. Lazima awepo mtu aliyesoma mpaka ukingoni mwa elimu, ayaone, ayapime, kisha aandike upya mwongozo wa kurasa mbili ambao muuguzi ataufuata.

Jambo moja linaonyesha vizuri ushirika huo. Wagonjwa walizoea kuambiwa kwamba insulini isipokaa kwenye friji imeharibika, na kwa asiye na umeme maneno hayo yalikuwa kama hukumu: ama uje hospitali kila siku kuchomwa, ama usitumie. Madaktari Wasio na Mipaka na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la vibanda vya wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo maabara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba baada ya wiki 4 dawa ilikuwa bado na nguvu yake. Kumbe mama wa kambini anaweza kukaa na chupa ya mwanawe nyumbani, ndani ya chungu chenye ubaridi. Ugunduzi ulihitaji maabara ya hali ya juu. Faida yake inahitaji mtu wa kumweleza mama huyo kwa lugha anayoielewa.

Pingamizi la pili linatoka kwa madaktari wenyewe: kumkabidhi muuguzi insulini ni kucheza na maisha ya watu. Rwanda imejibu kwa vitendo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe zimekuwa na kliniki za magonjwa sugu zinazoendeshwa na wauguzi waliofundishwa mahususi, wakitibu kisukari cha insulini na hata magonjwa ya moyo, huku mabingwa wakiwatembelea na kusimamia kazi zao. Mfumo uliokua kutokana na uzoefu huo, unaojulikana kama PEN-Plus, ulipitishwa na mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé, Togo, Agosti 2022. Kinachohatarisha maisha ni muuguzi aliyeachwa peke yake bila mafunzo, bila mwongozo, na bila namba ya simu ya mtu wa kumuuliza. Hali hiyo ndiyo iliyopo vituo vingi leo, hata kama hakuna aliyeipitisha.

Lipo pingamizi la tatu na silidharau: nunueni insulini na vipande vya kupimia kwanza, elimu itafuata. Mgonjwa asiye na dawa akipewa somo zuri la kujichoma sindano amekejeliwa. Lakini vifaa bila elimu vinatupeleka kwenye lile bomba la mistari 40. Mambo haya mawili yaende pamoja, na anayejua kuyaunganisha, wa kukaa na mfamasia wa mkoa na kusema chupa ngapi, za aina gani, na mabomba gani, ni bingwa aliyefundishwa kufikiri kuhusu kliniki nzima. Wengine wanahofia kwamba ukimsomesha atahama. Wapo watakaohama. Hata hivyo, aliyesomea nusu ya ubingwa wake kwenye hospitali yake ana kitu anachokiacha nyuma akiondoka, na wale aliowafundisha hawaondoki naye. Mimi naona uhamaji unaotuumiza zaidi ni mdogo na wa ndani, ambao hauandikwi magazetini. Muuguzi amefundishwa kisukari kwa miezi, amewajua wagonjwa kwa majina, kisha panga pangua ya zamu inamhamishia wodi ya wazazi, na kliniki inapokea mtu mpya anayeanza na a, e, i, o, u. Tunatoa ufadhili wa ubingwa bobezi kwa madaktari, na ni jambo la kheri. Muuguzi wa kisukari naye angeachwa tu kwenye kiti chake, gharama ikiwa ni sahihi ya muuguzi mkuu.

Tukikubali kwamba bingwa ni mwalimu, basi na mtihani wake ubadilike. Wa Mombasa au Unguja atahiniwe kuhusu Ramadhani kama anavyotahiniwa kuhusu kongosho. Mgonjwa anayetumia insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku anataka kufunga. Miongozo ya kimataifa inaelekeza dozi yake kubwa ya asubuhi ihamie futari, na ile ya jioni ipunguzwe kwa robo hadi nusu na kuchomwa wakati wa daku, tena chini ya usimamizi wa anayemtibu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au kupanda juu ya 16.6, afungue. Bingwa anayejua hayo bado hajamaliza kazi. Futari ya pwani ni mihogo ya nazi, viazi, magimbi, tambi na tende juu yake, na yeye ajue kuvikadiria kwa kiganja, kama anavyopaswa kukadiria ugali wa Mwanza kwa ngumi, badala ya vipande vya mkate vya kwenye kitabu. Kisha ajue kumfundisha muuguzi, ambaye atamfundisha mgonjwa, mwezi mmoja kabla mwandamo haujaonekana.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ifanyike bila mtahiniwa. Miezi 6 baada ya bingwa kumaliza mradi wake katika hospitali ya wilaya, mtahini aende siku ya kliniki, akae kwenye benchi pamoja na wagonjwa, asimuulize mtu swali. Aangalie kama wanaambiwa wavue viatu na soksi kabla ya kumwona daktari. Aangalie pia kama muuguzi, kabla hajamkabidhi mgonjwa bomba la sindano, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kusoma mistari yake.